Karatasi ya kuachana kazi iandikwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja hapa Morogoro hadi nilipostaafu. Cheo kiliisha, ila watu hawajaacha kuniletea makaratasi ya kuachana na kazi, yale ya makubaliano ya kuondoka na malipo yake. Jioni namkuta mtu barazani kwangu Kihonda na bahasha ya kaki mkononi, na mara nyingi anakuwa ameshasaini.

Jirani yangu mmoja, fundi mitambo, aliwahi kuja kabla ya kusaini. Kampuni yake ilikuwa inapunguza watu. Aliitwa ofisini, akapewa kurasa nne za Kiingereza na kalamu, akaambiwa asiyesaini leo hela yake itachelewa. Akajibu kwamba miwani yake ameiacha nyumbani. Huyo mtu havai miwani.

Karatasi ilisema kampuni, "kwa kutambua mchango wake", inampa shilingi 2,000,000 za shukrani, na kwamba akishazipokea hatakuwa na dai lingine lolote, liwe linajulikana au halijulikani. Milioni mbili mkononi si hela ndogo Kihonda. Basi tukakaa chini tukapiga hesabu.

Mshahara wake wa msingi ulikuwa 390,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki. Gawa kwa 26, siku moja ni 15,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 42, inampa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka kumi. Yeye alikuwa na miaka 13, kwa hiyo mitatu inapotea, isipokuwa pale ambapo mkataba wa hali bora wa chama na kampuni umeweka zaidi. Siku 70 mara 15,000 ni 1,050,000. Notisi ya siku 28, ambayo kwa kawaida hulipwa mshahara wa mwezi, 390,000. Likizo yake ya mwaka ambayo hakwenda, nyingine 390,000. Siku 12 alizofanya kazi mwezi ule, 180,000. Jumla 2,010,000.

Yaani ile shukrani ilikuwa pungufu ya haki yake kwa shilingi 10,000! Na hapo bado nauli. Aliajiriwa Singida ndipo akahamishiwa huku. Sheria inamtaka mwajiri amrudishe alikomtoa, yeye na mizigo yake, au amlipe nauli. Kwenye kurasa zote nne, Singida haikutajwa hata mara moja.

Vifungu vingine havina tarakimu, na ndivyo vinavyowaponza watu. Kimoja kilisema mfanyakazi "ameomba kuacha kazi kwa hiari". Hakuomba, alipunguzwa. Akikubali maneno hayo, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, limemponyoka, maana halimhusu aliyejiuzulu. Kingine kiliruhusu kampuni ikate "madeni yote" bila kutaja kiasi. Mkopo wake wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ungeweza kumeza nusu ya hela, na saini yake ndiyo ingekuwa ruhusa. Nilimwambia adai kila deni liandikwe kwa tarakimu, na cheti cha utumishi kitajwe humo humo.

Najua waajiri watasema hakuna anayelazimishwa. Sawa. Lakini mtu aliyepewa kalamu na lugha asiyoimudu, huku ada ya shule inamsubiri, amekubali kitu gani hasa? Akishapokea hela ana kazi kubwa kulishawishi jopo lolote kwamba hakuelewa, kwa sababu mstari wa mwisho wa karatasi hizi husema ameelewa kila kitu.

Sheria hiyo hiyo ya Ajira, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri amfafanulie mfanyakazi masharti ya ajira kwa namna anayoielewa siku anapoanza kazi. Siku ya kutoka, yenye hela na hatari zaidi, hakuna aliyeliweka sharti hilo waziwazi. Bunge liliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu mwaka 2021. Sioni kwa nini hakimu asome Kiswahili na fundi mitambo apewe Kiingereza.

Ombi langu kwa wenye dhamana ya kazi ni kanuni fupi tu: makubaliano ya kuachana yaandikwe kwa Kiswahili, kila malipo yakae kwenye mstari wake na hesabu yake, na mfanyakazi apewe angalau siku saba za kuyasoma nyumbani. Mwajiri mwaminifu hapotezi chochote hapo. Wapo waaminifu, nimefanya nao kazi.

Jirani alirudi ofisini na hesabu yetu kwenye karatasi ya daftari. Walibishana, wakaandika upya, nauli ikaingia. Kwa aliyekwishasaini na roho haijatulia: malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na zinaanza kuhesabiwa siku ulipoachishwa, si siku hela ilipoingia kwenye simu. Angalia tarehe iliyoandikwa juu ya barua yako. Nimeshaona iliyorudishwa nyuma wiki mbili.

Katibu mstaafu wa tawi,
Kihonda, Morogoro