Risala ya kikundi cha mazoezi cha wababa wa Katuba, Lubumbashi, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Daktari Mkuu wa Eneo la Afya la Katuba,
Waheshimiwa viongozi wa komini na machefu wa mitaa,
Wachungaji na mapadri, mama zetu, wazee wetu, ndugu mashabiki wa pande zote mbili,

Jambo yenu wote, na karibuni uwanjani kwetu.

Mheshimiwa, kikundi chetu ni cha wanaume waliovuka miaka 40. Tumo wastaafu wa mgodi na wa reli, walimu, madereva wa teksi-basi, wauzaji wa sokoni na wewa wachache, yaani madereva wa pikipiki za abiria. Kila Jumamosi asubuhi tunacheza mpira wa kutembea. Anayekimbia anapigiwa filimbi, na mpira unapewa upande wa pili. Mchezo huu ulianzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, kwa ajili ya watu wa umri wetu, ambao magoti yamekataa mbio lakini mapenzi ya mpira hayajaisha.

Tumekuita kwa sababu tuna neno moja tunalotaka ulibebe mpaka ofisini: mwanaume wa mtaa huu haji akiitiwa afya. Anakuja akiitiwa mpira.

Tunasema tulichokiona. Tangazo likisomwa kanisani kwamba kuna mazoezi ya kupunguza uzito, mama wanajaa. Baba anabaki nyumbani na jibu lake tayari: nimebeba magunia maisha yangu yote, mazoezi ya nini tena? Lakini ukimwangalia vizuri, magunia aliyaacha zamani. Siku hizi anashinda nyuma ya usukani tangu alfajiri, au juu ya pikipiki, au kwenye kiti mbele ya lango lake. Na kuna jambo ambalo hatalitamka hata umbembeleze: aibu. Baba anayeheshimiwa na watoto wake hataki vijana wa mtaa wamwone akihema baada ya hatua ishirini. Kwa maoni yetu aibu hiyo inawazuia wengi kuliko uvivu, na kila anayewaita wababa hawa wavivu anazidi kuwafukuza.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mwaka 2022, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango kinachotakiwa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 34, kwa wanaume 29, kwa hiyo hatukuja kuwanyang'anya mama zetu nafasi yao. Tunachosema ni kwamba mwito unaomtoa mama nyumbani si ule unaomtoa baba.

Wenzetu wa Uskoti walilijaribu jambo hili kwa makini. Chuo Kikuu cha Glasgow kilishirikiana na klabu za mpira, wakawaita mashabiki wanaume wa miaka 35 hadi 65 waliozidi uzito. Hawakuitwa hospitalini, waliitwa kwenye uwanja wa klabu wanayoipenda, mara moja kwa wiki kwa wiki 12, chini ya makocha wa klabu hiyo hiyo. Walipewa vifaa vya kuhesabia hatua, wakaongeza mwendo kidogo kidogo. Matokeo yalitoka mwaka 2014 katika jarida la Lancet: kati ya wanaume 747 wa klabu 13, baada ya mwaka mzima, walioanza mapema walikuwa wamepungua kwa wastani wa karibu kilo 5 zaidi ya wale waliokuwa wakingoja zamu yao.

Sasa, Mheshimiwa, ni mji gani unaofaa kwa jambo kama hili kuliko Lubumbashi? Klabu zetu mbili, Mazembe na Lupopo, zote zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe imekuwa bingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Siku ya debi, klabu hizo mbili zinapokutana, baba yule yule asiyekuwa na nguvu wala nafasi anatoka Katuba mpaka uwanjani Kamalondo kwa miguu, anaimba njia nzima, na kurudi anarudi kwa miguu. Nguvu anazo. Nafasi anayo.

Yupo mwenzetu mmoja, mstaafu wa reli, ambaye kwa muda mrefu alikuja na koti lake na viatu vya kanisani, akasimama kando. Ukimkaribisha anasema, nimekuja kutazama tu. Siku moja mshika kibendera hakufika, tukampa yeye kile kitambaa chekundu. Mshika kibendera hana pa kukaa. Mpira ukienda naye anakwenda, mpira ukirudi naye anarudi. Alitembea mchezo mzima kandokando ya mstari wa majivu, koti ameliweka begani, akibishana na kila mtu kuhusu kuotea, wakati mpira wetu hauna kuotea. Wiki iliyofuata alikuja na raba. Hakuna aliyemwambia habari ya uzito, na mpaka leo hatumwambii.

Hapo ndipo tunapokuhitaji. Tunaomba muuguzi mmoja, mara moja kwa mwezi, aje na kipimo cha shinikizo la damu akae hapa chini ya mwembe. Shinikizo la damu halipigi hodi, na wababa hawa hawatakwenda kupanga foleni kituoni, ila hapa, wakiwa wanangoja zamu ya kuingia uwanjani, watanyoosha mkono. Atusaidie pia kumtambua mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu, apelekwe kwa daktari kabla ya kugusa mpira. Hili linatutia hofu kuliko yote.

Tunaomba vilevile barua yenye muhuri wako kwa klabu zetu mbili, kwamba mchezaji wao wa zamani aje kutufundisha hata Jumamosi moja. Baba atakayesikia kwamba beki aliyempigia makofi ujanani yuko Katuba, hatabaki kwenye kiti.

Na kwa viongozi wa komini: uwanja huu unazidi kuliwa na ujenzi upande wa barabara. Tunaomba mipaka yake ipimwe na iwekwe alama.

Mheshimiwa, filimbi itapigwa mara tu baada ya hotuba yako. Jezi mbili ziko mezani, moja ya kila upande. Tunakuomba uchague.

Ni sisi, wana kikundi, Katuba, Lubumbashi.