Wati 12,000 za sabufa zimepimwa na nani?

Mhariri,

Naomba mpime nguvu za sabufa zinazouzwa hapa kwetu, kazi ambayo zamani majarida ya Marekani yaliifanya kwa vyombo vya kwao. Majarida hayo ya wapenzi wa redio na sinema za nyumbani yamekuwa yakifa au kumezana kwa zaidi ya miaka 30. High Fidelity, lililoanza 1951, lilimezwa na Stereo Review mwaka 1989. Stereo Review likaunganishwa na jarida la Video mwaka 1999, likazaliwa Sound & Vision. Audio likafungwa mwaka 2000, na mwaka 2013 Home Theater nalo likaingia ndani ya Sound & Vision.

Husemwa kwamba matangazo yalihamia intaneti, na kweli yalihama. Lakini upande wa video palikuwa na tatizo jingine. Toleo la jarida huandaliwa wiki nyingi kabla ya kutoka, na modeli ya televisheni hukaa sokoni kama mwaka mmoja tu, tena programu yake huweza kubadilishwa baada ya kupimwa. Msomaji alipata vipimo vya chombo kinachoondoka dukani.

Maoni ya waandishi wao hayanisikitishi sana. Mengi yaliwalegezea watangazaji. Hasara ni meza ya vipimo: vifaa vilevile, utaratibu uleule, mwezi baada ya mwezi. Julian Hirsch aliipimia Stereo Review kwa miongo kadhaa, na aliyetaka aliweza kulinganisha amplifaya mpya na ya miaka mitano nyuma. Nyuma ya vipimo hivyo ilikuwapo sheria. Tangu 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, inataka nguvu itangazwe ikiwa ya kuendelea, si ya kitambo, pamoja na masharti yake. Marekebisho ya 2024 yakaweka wazi: ukinzani wa spika ohm 8, mitetemo kuanzia 20 kwa sekunde (20 Hz) hadi 20,000 Hz, upotoshaji wa sauti chini ya asilimia 1.

Mnunuzi wa sabufa hapa kwetu anasoma boksi tu, nalo linasema "PMPO 12,000W". PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa kufikiwa kwa kitambo kidogo, haina kanuni ya kimataifa. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Geuza sabufa hiyo, na kibandiko cha nyuma huenda kinasema inakula wati 60. Hapo baadhi ya mafundi hukosea, wakidhani wati 60 ndiyo mwisho wa nguvu yake. Matumizi ya umeme kwenye kibandiko mara nyingi hupimwa chombo kikitoa thumuni tu ya nguvu yake. Lakini hata thumuni ya 12,000 ni 1,500, na wati 60 haziwezi kuzaa 1,500.

Ukiifungua, sabufa nyingi za bei nafuu zina IC za TDA2030, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokuza sauti. Kwa karatasi ya mtengenezaji wake, moja hutoa takriban wati 14 kwenye spika ya ohm 4, ikilishwa volti 14 chanya na 14 hasi. Zikiwa tatu, ni kama wati 40 jumla, iwapo transfoma itahimili. Mara nyingi haihimili: besi ikigonga, volti zinashuka na sauti inakwaruza.

Kupima si kazi kubwa. Tafuta rezista ya waya ya ohm 4, wati 100, ifungwe kwenye bamba nene la alumini. Usitumie spika yenyewe, maana mlio mfululizo huunguza koili. Weka besi na trebo katikati. Cheza mlio wa 60 Hz kwa njia ya besi, na 400 Hz kwa spika ndogo. Juu ya hapo mita nyingi za bei rahisi husoma uongo. Mita iwe kwenye volti za AC, miguu yake juu ya rezista. Usiunganishe waya mweusi na bodi ya chuma, wala weusi wa njia mbili pamoja, kwa sababu pale IC mbili zinaposukuma spika moja, huo mweusi nao una umeme wa sauti na IC zitaungua.

Andaa faili mbili za mlio uleule, ya pili ikizidi kwa desibeli 3. Ya pili lazima ipandishe volti mara 1.41. Ikipandisha mara 1.2 tu, amplifaya imeshaanza kukata vichwa vya mawimbi. Punguza sauti, rudia. Volti za mwisho zilizo safi zizidishe kwa zenyewe, ugawe kwa ohm. Volti 9 kwenye ohm 4 ni wati 20. Iache dakika tano, usome tena. Ikiwa volti zimeshuka sana, andika namba ya pili.

Ombi langu ni nusu ukurasa kwa mwezi wa vipimo vya namna hii, kila namba ikiandamana na ohm, Hz na muda wake. Mkianza, nunueni sabufa dukani kama mteja yeyote, bila kujitambulisha. Msipokee ya kuazimwa na msambazaji, kwani hiyo huweza kuchaguliwa, hata kubadilishwa transfoma.

Fundi redio,
Tanga