Andika majina anayoyataja babu yako

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Huku sote hatujambo, ila magoti ya babu yako yanamsumbua msimu huu wa baridi. Umeniuliza umletee zawadi gani ukifunga chuo. Mashati anayo. Njoo na daftari, ukae naye.

Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi wataweka mkuki, ngao na mashada ya maua mnarani. Nami redio ikipiga tarumbeta ya maombolezo huacha kazi nikasimama. Lakini pale mnarani wanakumbukwa wote kwa pamoja. Babu yako anawakumbuka mmoja mmoja, na akiondoka nao wataondoka naye.

Vita vya Kagera ulivisoma shuleni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, naye akatangaza kwamba nchi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akasema: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Babu yako aliyasikia maneno hayo kijijini kwetu Magu, kwenye redio ya jirani. Alikuwa mkulima wa pamba na mgambo. Asubuhi jembe, jioni kwata. Hakuwa askari wa kuajiriwa. Aliitwa, akaenda, akamwacha bibi yako na shamba halijapaliwa, nami nikiwa mgongoni. Aliporudi nilimkimbia, nikidhani ni mgeni.

Akisimulia, hasimulii bunduki. Anasimulia miguu. Walitembea, mwanangu. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, lakini vita havikuishia pale; Juni wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Pima umbali huo kwenye ramani, ndipo utaelewa magoti yale.

Na bibi yako naye muulize. Vita vilifika hadi hapa mjini: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yakakosa shabaha na kuua swala kule kisiwani Saanane. Wanawake waliobaki ndio waliolima, wakavuna, wakalea, huku hawajui kama waume zao wako hai. Mimi nawahesabu pamoja na waliokwenda, na sitaki mtu aniambie vingine.

Sasa sikiliza jinsi ya kumuuliza babu yako. Usimuulize aliua wangapi. Vijana wa mtaani humuuliza hivyo, naye huinuka akaenda zake. Muulize alikuwa na nani. Nani alipika, nani aliimba njiani, nani alimgawia viatu. Akitaja jina kisha akanyamaza, usimharakishe wala usibadili mazungumzo. Subiri. Andika jina, kijiji alikotoka, na jina la baba yake kama analikumbuka. Yuko mmoja wa Ukerewe ambaye humtaja kila mwaka, na mpaka leo hatujui ndugu zake walipo. Tukipata majina kamili nataka tumpeleke babu yako Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Tutapanda meli hadi Kemondo, basi litamchosha.

Jambo jingine. Yule kaka yako wa nyumba ya tatu, aliyekwenda Kongo kulinda amani, amestaafu jeshi na amefungua duka. Baadhi ya wenzake walikuwa miongoni mwa askari wetu waliouawa Kivu Kaskazini Desemba 7, 2017. Watu humwita kamanda kwa utani na kumkopa sukari bila kulipa. Wewe nenda kamsalimie, nunua kwa fedha taslimu, umpe pole ya wenzake. Miaka imepita, lakini pole ya msiba kama ule haichelewi.

Nauli nimekutumia kwenye simu. Fika siku chache kabla ya tarehe 25, maana siku yenyewe babu hapendi kuongea sana. Ana nguvu asubuhi, akishakunywa uji; alasiri huchoka. Na uandike kwa kalamu ya wino, penseli hufutika.

Mama yako