Jibu la Swali la Baba Kuhusu Kamera

Gloucester, Uingereza

Kwa Baba na Mama wapendwa,

Nawasalimu nyote hapo Lanet, nikitumaini kuwa mvua imewafikia kwa wakati na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi ni mzima, na kazi ya kuwahudumia wazee inaendelea vyema. Baba, tulipozungumza kwa simu uliniuliza kamera inanifaidi nini ilhali siuzi picha. Swali lako lilistahili jibu refu kuliko nililokupa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Siku za mapumziko mimi huenda Slimbridge, karibu na mto Severn, ambako Peter Scott, mchoraji na mtaalamu wa ndege, alianzisha hifadhi ya ndege wa majini mwaka 1946. Kila majira ya baridi hufika huko bata maji weupe wa aina ya Bewick, wanaoruka kutoka nyanda za baridi kali za kaskazini mwa Urusi. Mwaka 1964 Scott alianza kuwatambua kwa midomo yao, kwa kuwa mpangilio wa rangi nyeusi na manjano haufanani kwa ndege wawili. Akawachora nyuso mmoja mmoja na kuwapa majina, hata ikajulikana nani amerudi, nani amepata mwenzi na nani hakuonekana tena. Jambo hilo lilinigusa sana. Sisi wa Nakuru huwajua ndege kwa wingi wao: husema heroe wapo, au heroe wamehama, wala hatuulizi ni heroe yupi.

Kumpiga picha ndege mweupe juu ya maji meusi kunahitaji uangalifu. Kamera hupima giza la maji na kuongeza mwanga, manyoya yakabaki doa jeupe lisilo na umbo, hivyo hunibidi kuupunguza mwanga huo mwenyewe. Hayo mtu huyazoea upesi. Lililo gumu ni kujua ataruka lini. Kabla ya kuondoka, bata hawa huinua na kushusha vichwa huku wakiitana, mmoja baada ya mwingine, mpaka familia nzima iwe tayari; anayengoja mabawa yafunguke ndipo abonyeze, hupata picha ya maji matupu. Tena haifai kuwasogelea mpaka washtuke, kwa maana kila mruko usio wa lazima huwala mafuta waliyojiwekea kwa safari ya kurudi, na kwangu picha iliyopatikana kwa kumtimua ndege haina thamani.

Baba, uangalifu huo umenifuata kazini. Ninamhudumia mzee ambaye kiharusi kilimwondolea usemi, na siku hizi naona vidole vyake vikikaza shuka kabla uso haujaonyesha maumivu, nami humgeuza mapema. Nilifundishwa kazi hii darasani, na nashukuru, lakini jicho la kuona dalili ndogo nililipata nikiwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi baridi, nikimsubiri ndege. Nimekuwa mtu mtulivu zaidi kuliko yule mliyemsindikiza uwanja wa ndege, na naamini Mama ameshalisikia hilo katika sauti yangu.

Huko Slimbridge wapo pia heroe wadogo wa kufugwa, jamii ile ile ya ziwani kwetu. Nikiwatazama huwaza jinsi Ziwa Nakuru lilivyofurika, chumvi yake ikazimuliwa, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wao wakaelekea Bogoria.

Nina ombi moja. Mdogo wangu anapofunga shule, mpelekeni mbuga ya Ziwa Nakuru kupitia lango la Lanet, naye awapige picha twiga wa Rothschild kwa simu yake. Ampige kila twiga ubavuni, upande wa kulia na wa kushoto, bila kutoka garini, kwa kuwa madoa ya twiga nayo hayafanani na pande mbili za mnyama mmoja hutofautiana. Akirudi mara nyingine alinganishe picha, aone ni yupi aliyekutana naye tena. Nauli na kiingilio nitatuma mimi mwishoni mwa mwezi.

Picha nilizochapisha atawaletea jirani yetu anayesafiri mwezi ujao. Ile ya bata watatu ni ya Mama.

Mwana wenu awapendaye.