Risala ya Wanafunzi wa Radiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako ukaja kujumuika nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa, katika meza yetu umeona kichupa cha unga mweupe wa kontrasti, yaani dawa inayodungwa ili mishipa ya damu ionekane vizuri kwenye picha ya altrasaundi. Unga ule ukitiwa mililita 5 za maji ya chumvi na kutikiswa kwa sekunde 20, hugeuka kimiminika cheupe kama maziwa. Weupe huo ni viputo vya gesi ya salfa heksafloridi, kila kimoja kikiwa ndani ya utando mwembamba wa fosfolipidi, aina ya mafuta. Vingi ni vidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, ndiyo maana vikidungwa kwenye mshipa wa mkono hupenya mapafu na kufika hadi kwenye ini.

Damu haibonyei kirahisi, gesi hubonyea. Wimbi la altrasaundi likipita, kiputo husinyaa na kutanuka mara mamilioni kwa sekunde. Kwa bahati njema, na hakika ni bahati, kiputo cha ukubwa unaopita kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, hutetemeka zaidi katika masafa ya megahezi chache, yale yale ya mashine za hospitali. Tena hakitetemeki kwa usawa: kikisinyaa sana utando hujikunja, kikitanuka sana hupasuka. Mtafiti Marmottant na wenzake waliiwekea tabia hiyo hesabu mwaka 2005. Kwa sababu ya kutolingana huko, kiputo hurudisha hata mawimbi ya masafa maradufu. Mashine huyachagua hayo, nyama za mwili zikafifia, na mishipa ya uvimbe ikajitokeza.

Shida iko kwenye herufi mbili zilizo pembeni mwa kioo cha mashine: MI (mechanical index), kipimo cha nguvu ya wimbi. Ni shinikizo hasi la kilele, kwa megapaskali, likigawanywa kwa kipeuo cha pili cha masafa kwa megahezi. Katika vipimo vya kawaida huruhusiwa hadi 1.9, na kusema kweli wengi wetu hatuitazami. Kwa viputo huwekwa chini sana, kwa kawaida chini ya 0.2. Ukiipandisha bila kujua, viputo hupasuka na picha hupotea. Mtaalamu huvipasua kwa makusudi, kisha akatazama damu inavyoleta vingine, akapima kasi ya mtiririko.

Gesi yenyewe hutoka kwa pumzi, haipiti kwenye figo. Kwa mgonjwa wa figo hilo si jambo dogo.

Mheshimiwa, mashine tunayojifunzia haina programu ya kontrasti. Tunaomba utusaidie kuipata, pamoja na kiungo bandia cha mazoezi chenye mirija, ili tujifunze kuvipasua viputo humo kabla ya kumgusa mgonjwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu