Kiti kikiwa wazi, wageni huwa wengi: barua ya wazi kwa vijana wa eneo bunge letu

Wanangu na wajukuu zangu,

Kiti chetu cha Bunge la Taifa ki wazi, na barabara zetu zimejaa magari ambayo hatujayaona tangu uchaguzi mkuu wa Agosti 2022. Kifungu cha 101 cha Katiba ya Kenya kinampa Spika siku 21 kuijulisha Tume ya Uchaguzi, IEBC, na kinataka uchaguzi mdogo ufanyike katika muda wa siku 90 tangu nafasi itokee. Msiidharau ratiba hiyo. Wenzetu wa eneo bunge la Banissa, kaunti ya Mandera, walifiwa na mbunge wao Machi 2023, na kwa kuwa tume ilikaa bila makamishna, hawakupiga kura ya kumpata mwingine hadi tarehe 27 Novemba 2025.

Wengi wa hao wenye magari hawana kura hapa. Ni wakubwa wa vyama waliokuja kupimana nguvu kabla ya uchaguzi mkuu wa 2027, nasi tumekuwa uwanja wao. Sisemi msiende kuwasikiliza. Helikopta hutuvutia hata sisi wazee. Nawasihi tu msikubali kukodiwa kuvuruga mkutano wa mtu, kwa maana aliyewalipa atalala Nairobi usiku uo huo, nanyi mtabaki mkikutana sokoni na mama wa kijana mliyempiga rungu.

Mkumbuke pia kwamba atakayeshinda hapati miaka mitano. Anamalizia kipindi kilichobaki hadi uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027. Anayewaahidi chuo kikuu na lami hadi kila kijiji kwa muda huo anawaona watoto. Muulizeni ni jambo gani moja lililoachwa njiani atakalolikamilisha, na ni maswali gani atakayowauliza mawaziri bungeni kwa niaba yetu, kwani kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ndiyo kazi tunayomtuma.

Kwa wale ambao hawajajiandikisha, mlango umefungwa: sheria husimamisha usajili wa wapiga kura katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi siku ya kura. Basi wenye majina kwenye sajili mnawabeba na hao. Uchaguzi mdogo huwakuta wengi wamebaki nyumbani au kazini, na hapo ndipo kura chache za kununuliwa zinapoweza kugeuza matokeo. Atakayekuomba kitambulisho akutunzie hadi jioni amekununua usifike kituoni, na hilo ni sawa na kununua kura ambayo ingemwendea mpinzani wake. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani mpokeaji wa hongo kama inavyomtia mtoaji.

Vituo vikifungwa saa kumi na moja jioni, kazi haijaisha. Matokeo ya kila kituo huandikwa kwenye Fomu 35A, mawakala wa wagombea wakatia sahihi, kisha nakala ikabandikwa mahali pa wazi kituoni. Wakala asiyejua kuisoma fomu hiyo ni hasara kwa aliyemtuma. Ipigeni picha, mjumlishe wenyewe kituo kwa kituo, mlinganishe na Fomu 35B itakayotangazwa katika kituo cha kujumlishia. Hesabu zikipishana, pelekeni picha hizo kwa mawakala wakuu wa wagombea na kwa wanasheria, kwani mahakamani fomu husikilizwa kuliko kelele za barabarani.

Mzee wenu