Hatifungani yenye jina la mji si lazima iwe deni la mji

Mhariri,

Ushauri unaosambaa miongoni mwa ndugu zetu walioko Marekani, kwamba mifuko ya pamoja inayonunua hatifungani (hati za mikopo) za miji zenye riba kubwa ni "pesa za serikali, hazikatwi kodi", ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayouma.

Jina la mji au kaunti huwa juu ya hati, lakini katika mifuko ya aina hii mlipaji mara nyingi ni mwingine: makao ya wazee, hospitali ndogo, shule ya mkataba (ya umma lakini inaendeshwa na shirika binafsi), au kampuni inayopima viwanja vipya Florida. Mamlaka ya mji huazimisha jina tu ili mkopo upate msamaha wa kodi. Mradi ukikwama, mji haudaiwi hata senti. Chukua makao ya wazee: deni linalipwa kwa ada za wakazi. Vyumba vikianza kukaa wazi, kwanza inaliwa akiba iliyotengwa kwa ajili ya deni, halafu riba inachelewa, na baadaye wenye hatifungani wanaombwa wakubali pungufu. Wenzetu wanaouguza wazee humo huenda wakajua mapema kuliko meneja wa mfuko kwamba ghorofa ya tatu haina mtu.

Na miji yenyewe si malaika. Detroit ilifilisika mwaka 2013, na serikali ya Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ilishindwa na deni la zaidi ya dola bilioni 70.

Tuje kwenye kodi. Ili kulinganisha na riba inayokatwa kodi, toa kiwango chako cha kodi ya shirikisho (ya serikali kuu) kwenye 1, kisha gawa riba ya mfuko kwa jibu hilo. Asilimia 5 kwa mtu anayetozwa asilimia 22 ni sawa na 6.41 inayokatwa kodi. Kwa anayetozwa asilimia 12 ni 5.68 tu, na huyo pengine angepata zaidi kwingine bila kubeba hatari hii. Kuuweka mfuko huu ndani ya akaunti ya kustaafu ya IRA ni kuutupa msamaha, kwani katika IRA ya kawaida utakachotoa uzeeni kitatozwa kodi kama mapato mengine. Jambo lisilotajwa kabisa: kiasi kinachoonekana kwenye kisanduku cha 12 cha fomu ya kodi 1099-DIV, ingawa hakitozwi kodi ya shirikisho, kinajumlishwa kwenye mapato yanayoamua ruzuku ya bima ya afya ya familia. Na ukiuza vipande kwa faida, faida hiyo inatozwa.

Hatari kubwa zaidi ni mlango wa kutokea. Mfuko unaahidi kununua vipande vyako siku yoyote ya kazi, ilhali hatifungani zilizomo zinaweza kukaa miezi bila mnunuzi, na bei yake ni makadirio. Watu wakikimbilia mlangoni pamoja, makadirio hukutana na soko. Tarehe 13 Oktoba 2000 kipande cha mfuko wa Heartland High-Yield Municipal Bond kilishuka karibu asilimia 70 kwa siku moja, baada ya bei za hatifungani zake kupunguzwa kwa mkupuo.

Kwa hiyo msomaji aache kuangalia riba peke yake. Kwenye ripoti ya mfuko atafute sehemu ya hatifungani zisizo na daraja la ubora (zisizopimwa uwezo wa mkopaji kulipa), ada ya mwaka, kama mfuko umekopa ili kuongeza faida, na kipimo cha unyeti kwa riba: kikiwa 9, riba za soko zikipanda kwa asilimia 1, mfano kutoka 4 hadi 5, kipande kinapoteza takriban asilimia 9. Mwaka 2022, riba zilipopanda, ulionyesha hilo waziwazi. Kisha aingie EMMA, tovuti ya bure inayoweka taarifa za wakopaji, atafute hatifungani kumi kubwa za mfuko mojamoja. Akikuta hesabu za mwaka jana hazijawekwa, au akiba ya deni imeanza kuchotwa, atafute mfuko mwingine.

Msomaji wenu,
Minneapolis, Marekani